Nilichojazia Dumu la Binti Yangu

Katika miaka thelathini na minne ya kusoma mita za maji nimefukuzwa na mbwa mia mbili na kumi, bata mzinga mmoja, na mama mkwe ambaye hata hakuwa wangu. Mbwa mmoja tulizoeana mpaka akawa ananisomea mita: akibweka mara tatu, naandika tatu. Alipokufa mtaa mzima ulilalamika kwamba matumizi ya maji yamepanda. Watu wakinisikia hucheka, wengine husonya, na ndiyo maana mtaani naitwa Mzee Chumvi. Jina silikatai. Mstaafu hana cheo kingine.

Lakini haya ya dumu sijayatia hata punje. Na katika maisha yangu yote ya kuongea, ndiyo pekee ambayo nilipoyasema hakuna aliyeyaamini.

Nina mtoto mmoja, binti. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye karakana ya mashine kumi na mbili ndani ya chumba kimoja, dirisha moja, na redio moja ambayo kila mtu anaichukia kwa sababu yake. Mama yake, marehemu mke wangu, alianguka jikoni akiwa na miaka thelathini na tisa, mwiko mkononi. Presha. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, naye presha, kisha figo, kisha udongo. Dada yao vivyo hivyo. Katika ukoo ule mtu akifika miaka hamsini wanamtazama kama aliyeiba kitu.

Binti yangu alipofika thelathini na moja miguu ikaanza kuvimba juu ya pedali. Akapewa dawa za presha za kila rangi, asubuhi nne, jioni mbili, na presha ikawa inazitazama tu kama mgeni asiyekula. Tukapelekwa kwa daktari wa figo, mama mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mahali pa skrubu. Akasoma karatasi, akasema figo za binti yangu zinafanya kazi arobaini na moja.

"Kati ya ngapi?" nikauliza, nikiomba moyoni aseme hamsini.

"Kati ya mia, Mzee."

Binti yangu akanikanyaga kiatu chini ya meza ili nisifanye mzaha. Hakuwa na haja. Mzaha ulikuwa umenikaukia.

Daktari akavuta karatasi akachora maharage mawili makubwa, kila moja akalivika kofia. "Haya maharage ni figo. Hizi kofia ni tezi. Tezi zinatoa homoni, na mojawapo kazi yake ni kuuambia mwili: shika chumvi, usiiachie. Homoni hiyo ina bosi wake. Bosi akisema basi, inaacha. Sasa, kuna koo ambazo vinasaba viwili vimegandana, kama kurasa mbili za daftari zilizomwagikiwa chai. Mtoto anazaliwa navyo hivyo. Homoni ya chumvi inaanza kufuata amri za bosi wa chumba cha pili, na huyo hanyamazi. Chumvi inabaki, maji yanabaki, presha inapanda tangu ujana, na figo zinaliwa taratibu."

"Bomba limeachwa wazi," nikasema.

"Bomba limeachwa wazi, na sisi tunahangaika kudeki sakafu." Akamgeukia binti yangu. "Nikitazama mama yako, mjomba wako, mama yako mdogo, nadhani ni hicho. Na kikiwa hicho, mwanangu, kuna kidonge kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kinachomnyamazisha huyo bosi. Lakini siwezi kukutupia tu. Ukipewa bila sababu kina madhara yake. Nataka kuwa na hakika, na hakika iko kwenye mkojo. Homoni ikishamaliza kazi, mabaki yake hutokea huko."

Ndipo likatolewa dumu. La plastiki, la kahawia, lita tatu, lina mistari ya vipimo ubavuni. Binti akusanye mkojo wa siku nzima, kuanzia alfajiri mpaka alfajiri, asikose hata tone. Mwenyewe atakuwa kazini, basi mimi nitalipeleka hospitali. Lisipitishe Jumanne, saa mbili asubuhi, kwa kuwa ndiyo siku ya sanduku la barafu. Sanduku hilo linakwenda kwenye maabara kubwa nje ya nchi, lina nafasi kumi na mbili tu, na likishaondoka halirudi kuchukua watu mpaka baada ya miezi minne.

Miezi minne. Alilisema hilo akimtazama binti yangu, na mimi nikalisikia kwa masikio yote mawili. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Jumapili yote binti yangu alikaa nyumbani kama anayeatamia mayai. Kila akitoka chooni anafunga kifuniko mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Dumu tuliliweka uani, kivulini, ndani ya beseni la maji baridi, kwa sababu alikataa katakata lilale kwenye friji na maziwa yangu. Alfajiri ya Jumatatu akamalizia, akafunga, akaniambia, "Baba, kesho saa mbili. Usiligeuze hadithi. Lifikishe tu." Akaenda kazini.

Sasa nisikilizeni ugonjwa wangu mimi, maana nami ninao. Mtu akisoma mita miaka thelathini na minne, hawezi kupita kitu chenye mistari na namba asikisome. Nasoma vipimajoto vya watu. Nasoma chupa za dawa ya kikohozi. Na lile dumu lilikuwa la kahawia nzito, ndani hakuonekani, mpaka ulifungue. Nikalifungua. Nikainama, nikaona kama lita moja na mia sita, lakini kwa kuinama huwezi kuwa na hakika. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa kazini: mita husomwa macho yakiwa usawa wa namba. Ukisoma kutoka juu, unadanganya bila kujua.

Basi nikalinyanyua dumu, kifuniko mkononi, nikaliweka juu ya ukuta mfupi wa uani ili liwe usawa wa macho yangu. Ukuta ule niliujenga mwenyewe. Juu hauko sawa.

Nilisoma vizuri kabisa. Lita moja na mia sita. Nilipoondoa mkono ili niandike, dumu likainama taratibu, kama mtu anayesalimia, likaanguka kichwa chini.

Lilikuwa sakafuni kabla sijamaliza kusema "ah". Nikalirukia, nikalisimamisha, na tayari mto wa njano ulikuwa umeshaingia kwenye tundu la maji machafu. Shahidi alikuwa kuku wa jirani, naye alishakimbia. Humo ndani zilibaki mililita mia tatu.

Nilikaa chini pale pale, kwenye unyevu. Nikawaza kumwambia. Nikamwona anavyofunga kile kifuniko mpaka vidole vyeupe. Nikawaza sanduku, miezi minne, arobaini na moja.

Kisha ikaja ile akili ya kazini. Msoma mita akikuta geti limefungwa na mbwa yuko ndani, harudi mikono mitupu. Anakadiria. Anaangalia mwezi uliopita ilikuwa ngapi, anaandika inayofanana, anaendelea na nyumba ya pili. Namba ikifanana, hakuna anayeuliza. Nimekadiria nyumba ambazo zilishabomolewa. Na nikajiambia, mkojo ni mkojo. Wake umo, mia tatu, mabaki ya homoni yake yamo, wao wana mashine za kuona hata kiroboto akipiga chafya. Na mimi ni baba yake, damu moja. Nijazie tu ifike mstari wake.

Nina miaka sabini na moja. Kwa kazi hiyo sihitaji kusaidiwa. Kutwa ile ya Jumatatu, kila nilichotoa nilikitia dumuni, na jioni binti yangu aliporudi lilikuwa limefika lita moja na mia sita kamili, limefungwa, limo ndani ya beseni. Akalitikisa kidogo, akatabasamu.

"Hujaligusa?"

"Niliguse nimekuwa nesi?"

Jumanne saa moja na nusu nilikuwa mlangoni mwa maabara, dumu nimelikumbatia kifuani.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Daktari aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akayasoma tena bila miwani kana kwamba macho matupu yangekuta kitu kingine.

"Hayapo," akasema. "Yale mabaki ninayoyatafuta ni machache, kama ya mtu yeyote. Ningeapa ni ugonjwa huo. Lakini mkojo haudanganyi." Akaandika kitu, akakipigia mstari. "Basi tunaachana na njia hiyo. Tutaendelea na dawa zilizopo." Figo zilikuwa zimeshuka, thelathini na sita.

Mkojo haudanganyi. Nilikuwa nimekaa pale pale, kiti cha pili, mikono mapajani. Nikajiambia: huenda ni kweli hayapo. Huenda hata zile mia tatu zingeonyesha kama yangekuwepo. Nilijikadiria mwenyewe, nikaenda zangu nyumba ya pili.

Wiki zingine saba. Binti yangu akawa anapanda ngazi tatu za mlango wetu kwa awamu mbili. Chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni mwake. Kichwa kilimuuma upande mmoja, akawa anashona amefumba jicho moja. Figo thelathini na moja, akasema Daktari, na akaanza kumweleza habari za mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na mshipa wa mkono utakaotayarishwa mapema.

Jumamosi moja alasiri nikakuta mashati sita kitandani kwangu. Mapya, yamepigwa pasi.

"Kuna harusi?" nikamuuliza.

"Ni ya akiba, Baba. Kola zako zinachakaa upesi, unavyogeuzageuza shingo ukiongea. Nikianza mambo ya mashine sitakuwa na mgongo wa kukaa kwenye cherehani." Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni. Beseni lile lile. "Vaa kwa mpangilio nilivyoyapanga. La chini ndilo la mwisho."

Nikalichukua la kwanza, nikalichukua la mwisho, nikayashika yote mawili mbele ya dirisha. La mwisho lilikuwa jembamba, mabega yameingia ndani vidole viwili.

"Hili mbona dogo?"

"Uzee utakupunguza," akasema. "Nimekadiria."

Hapo ndipo niliposhindwa. Mtoto wangu alikuwa amenipima wa miaka kumi ijayo, kwa sababu hakutegemea kuwepo kunipima tena. Nikakaa kitandani juu ya mashati, nikamwambia. Nikamwambia habari ya ukuta, usawa wa macho, mia tatu, kutwa ya Jumatatu. Sikuweka mbwa wala bata mzinga.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu na maji ya beseni yakamwagika. "Baba! Leo umetunga fupi!"

"Mama, sitanii. Ule mkojo ulikuwa wangu."

"Haya, na kuku akawa shahidi."

"Alikuwepo kuku kweli!"

Kicheko kikamwishia. Akafuta macho kwa kiganja, akanitazama kwa namna ambayo ningependelea anitukane. "Najua unachofanya. Unataka niamini kile kidonge bado kipo. Asante, Baba. Lakini usinipe tumaini la kutunga. Nimeshahangaika mpaka nimeanza kuzoea, usinirudishe nyuma."

"Naapa kwa kaburi la mama yako."

"Kwa kaburi hilo hilo uliapa kwamba bata mzinga alikuita kwa jina lako kamili."

Ni kweli. Niliapa. Na kwenye msiba wa shemeji, mbele ya watu.

Jumatatu nikaenda hospitali bila miadi. Nikakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha, nikaingia, nikasimama, sikukaa. Nikamweleza Daktari vile vile nilivyomweleza binti yangu. Hakucheka. Alifungua jalada, akatoa ile karatasi ya majibu, akaigeuzia kwangu.

"Mzee wangu, ningependa sana iwe hivyo. Lakini ona. Maabara ile inapima homoni nyingi kwa pamoja, ya kiume ikiwemo. Kama dumu lingejazwa mkojo wa mwanaume, huu mstari ungepanda mpaka dirishani." Kidole chake kilikuwa kwenye namba ndogo. "Upo chini kama wa mwanamke. Tena mwanamke mpole. Karatasi inakukanusha."

"Karatasi haikuwepo uani kwangu, Daktari."

"Basi kama huu ni wako, wewe ni bibi."

"Niite bibi! Niandike bibi! Ila mpimeni mtoto upya!"

Sauti yangu ilipasuka. Daktari akainuka akafunga mlango, kisha akanishika kiwiko kama wanavyoshikwa wazee waliochanganyikiwa. Akanieleza polepole. Sanduku la miezi minne linaondoka wiki mbili zijazo, imebaki nafasi moja. Lakini kanuni ya ile maabara ni kwamba aliyekwishapimwa akakutwa hana harudiwi, mpaka daktari aandike sababu na kutia sahihi. "Niandike nini? Kwamba baba yake anasema?"

"Andika hivyo hivyo."

"Mzee, hata manesi wangu wanakuita Mzee Chumvi."

Nilitoka nikaenda mpaka dirisha la maabara, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndipo nilipolikabidhi dumu. Aliyekuwa dirishani ni mtaalamu wao mmoja mnene, kibiriti hakimtoki mdomoni, anatafuna njiti kutwa. Aliniona nalia. Nilikuwa sijui kama nalia.

"Kaka, umepotelewa na kitambulisho?"

Nikamweleza na yeye. Mara ya tatu, na kila mara hadithi ilikuwa fupi zaidi. Nilipofika kwenye "wewe ni bibi," akatoa njiti mdomoni.

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja. Huyo."

"Ulimzaa mwenyewe?"

"Unataka nikupige?"

"Taratibu, kaka. Nisikilize." Akaegemea dirisha. "Homoni ya kiume haipendi maji. Ili itoke na mkojo, mwili lazima uibandike kwanza kipande cha sukari, ndipo iteleze nje. Kuna kinasaba kinachotengeneza huyo mbandikaji. Na kuna watu wamezaliwa bila hicho kinasaba, hawakukipata kwa baba wala kwa mama. Damuni ni dume kamili, ndevu, sauti, ugomvi, vyote. Ukimpima mkojo, homoni ya kiume karibu hakuna. Sehemu nyingine ni wachache. Sehemu nyingine, ukisimama kwenye foleni unaweza kuwa umesimama nyuma ya mmoja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo karatasi ya Daktari inaweza ikawa sahihi, na wewe pia ukawa unasema kweli. Itakuwa mara yako ya kwanza, nasikia."

Akanipeleka mwenyewe kwa Daktari. Walibishana kwa lugha yao ya herufi na namba, kisha Daktari akakaa, akajipiga paji la uso. "Nilisoma habari hiyo chuoni," akasema. "Nilisoma na nikajibu mtihani."

Siku ya pili yake nikakalishwa kwenye benchi la maabara asubuhi mpaka jioni. Walinitoa damu, wakanipa dumu jipya, na kila nikienda chooni yule mnene alinifuata akasimama mlangoni. "Sikuamini hata kidogo," akaniambia, "lakini nakuombea." Sijawahi kusindikizwa hivyo tangu siku ya ndoa yangu. Wagonjwa kwenye foleni wakaniuliza nimeshtakiwa kwa kosa gani. Siku nyingine ningewapa jibu la kuwakalisha mpaka magharibi. Siku ile nilitazama sakafu.

Baada ya wiki Daktari akatuita wote wawili. Binti yangu hakujua kwa nini, alidhani ni mambo ya mshipa wa mkono. Daktari akaweka karatasi mbili mezani. Kwenye damu yangu homoni ya kiume ilikuwa tele, hata aibu kwa umri wangu. Kwenye mkojo, karibu sifuri.

"Hii haithibitishi kwamba ulijaza dumu," Daktari akasema. "Lakini haikukanushi tena. Na mimi inanitosha kutia sahihi." Akamgeukia binti yangu. "Mwanangu, tunarudia. Lile jibu halikuwa lako."

Nilimtazama mtoto wangu. Nilitegemea furaha, Mungu anisamehe. Uso wake ulianza kuzimika kwenye macho, ukashuka taratibu, kama chumba kinachozimwa taa moja moja. Tulipotoka nje, kwenye njia ya magari ya wagonjwa, akasimama.

"Kwa hiyo ilikuwa kweli," akasema.

"Kweli, Mama."

"Arobaini na moja mpaka thelathini na moja. Hizo kumi ulizimwaga wewe."

"Mimi."

"Bora ungekuwa unadanganya."

Akatangulia. Ngazi tatu za mlango wetu akazipanda kwa awamu mbili, na nilipomnyooshea mkono akaushika ukuta.

Safari hii dumu hakuliweka uani. Aliomba ruhusa kazini siku mbili, akalishonea mfuko wa kamba wa turubai, wa kufungwa kwa fundo, akalala nalo chumbani, mlango ameufunga kwa ufunguo. Nilisikia fundo likifungwa na kufunguliwa. Jumanne akalibeba mwenyewe begani. Mimi nikamfuata hatua kumi nyuma, kama mtu asiyehusika, na kila alipopumzika kuvuta pumzi nami nilisimama.

Wiki saba za kungoja. Hatukugombana. Alinipakulia chakula, akasema "karibu," akaenda kula chumbani. Nilijaribu siku moja kuanza hadithi ya yule mama mkwe, akanitazama tu, nikaimalizia kimoyomoyo. Miguu yake ilijaa mpaka viatu vikabaki mlangoni. Mara mbili alitapika uani, pale pale kwenye tundu ulipopotelea mkojo wa kwanza. Nikawa nadeki. Nilideki sakafu ambayo haikuwa chafu. Nilijua kwamba ugonjwa aliupata kwa mama yake, na kufichwa kwa ugonjwa alikupata kwangu: mkojo wa mwanaume mwingine yeyote ungepiga kelele kwenye ile karatasi, wangu ukanyamaza. Miaka sabini na moja ya kuropoka, halafu kitu kimoja mwilini mwangu kikaamua kuwa kimya.

Majibu yakaja. Daktari hakuyasoma mara mbili. "Yamo," akasema. "Yamejaa." Wakatoa damu kuangalia vinasaba, navyo vikakutwa vimegandana hivyo hivyo kama alivyochora. Kidonge kilikuwa kidogo kweli. Nilitaka kukisoma kilichoandikwa juu yake, mwandiko ukanishinda.

Baada ya wiki nne presha ikaanza kushuka, kwa mara ya kwanza tangu awe msichana. Uvimbe ukatoka miguuni. Figo zilikuwa ishirini na saba, na mwezi uliofuata ishirini na saba, na uliofuata ishirini na saba. Nikamuuliza Daktari zitapanda lini.

"Kilichokufa kimekufa, Mzee. Tunachunga kilichobaki. Akibahatika, mashine itamngoja miaka mingi. Asipobahatika, haitamngoja."

Amerudi kazini nusu siku. Mashati nimefika la pili.

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, lazima presha ipimwe na iandikwe kwenye daftari la kupelekea Daktari. Alipoleta mashine nyumbani aliiweka mezani mbele yangu, akakunja mkono wa gauni, akautandaza mkono wake juu ya meza. Hakuniomba. "Soma," akasema tu. Nikainama mpaka macho yakawa usawa wa namba.

"Mia na thelathini na nne, kwa themanini na sita."

Nikashika kalamu. Akanisimamisha kwa kidole, akaigeuza mashine upande wake, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. Kisha akairudisha.

"Andika."

Ni mwezi wa nane sasa tangu siku hiyo. Kila asubuhi nasema namba, kila asubuhi anaigeuza mashine kuangalia. Sijawahi kukosea hata moja. Anaigeuza.